Kukata trela ya filamu ya urafiki wa vijana wa uswahilini

Trela nyingi za filamu za vijana wa mitaa ya kipato kidogo zinafanana. Droni inapita juu ya mabati, mtoto anakimbia uchochoroni, mama analia mlangoni, ngoma nzito inapiga, jina la filamu linatokea. Ukimaliza kuitazama unajua wahusika ni maskini. Kama wanapendana, hujui.

Mwongozo huu ni wa mhariri, au mwongozaji anayejihariria mwenyewe, mwenye filamu kuhusu marafiki wa miaka 13 hadi 18: watoto wa mama lishe, wa dereva wa bodaboda, wa fundi gereji, wa kibarua wa kiwandani. Lengo ni trela ya sekunde 90 ambamo urafiki wao unaonekana kwa picha na sauti, bila msimulizi kuutangaza.

Kanuni moja inabeba nyingine zote: urafiki unakaa kwenye fremu yenye watu wawili. Ukionyesha sura moja, kisha ukakata kwenda sura nyingine, umeonyesha watu wanaozungumza tu. Wanaweza kuwa majirani, wapinzani, au mteja na karani wa benki. Waweke pamoja na mtazamaji anaona umbali wa mabega, nani anampisha nani njia, mkono unaochukua kipande cha mhogo bila kuomba. Shida ni kwamba trela inapenda mikato ya haraka, na mikato ya haraka inapenda sura moja moja kwa sababu zinasomeka upesi. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuyakatalia mazoea hayo mwanzoni mwa trela, kisha kuyaruhusu kwa makusudi baadaye.

Hatua ya 1: Zipasue trela tatu za wenzako

Kabla hujagusa filamu yako, chagua trela tatu za filamu za aina hii na uziweke kwenye taimulaini ya programu yako ya kuhariria. Itazame kila moja bila sauti. Kisha isikilize bila picha. Mara ya tatu, bonyeza M kila unapofika mkato. DaVinci Resolve na Premiere Pro zote zinaweka alama kwa herufi hiyo.

Chora jedwali la safu nne: muda wa shoti, idadi ya watu kwenye fremu, kamera imetulia au inatembea, na sauti inayotawala. Jumlisha sekunde ambazo marafiki wako pamoja kwenye fremu na nyuso zao zinaonekana. Migongo inayokimbia usiihesabu. Jumla ikiwa chini ya robo ya trela nzima, angalia safu ya sauti: karibu kila mara utakuta msimulizi au maandishi ya skrini yanakuambia kwamba hawa ni marafiki, kwa sababu picha haikusema.

Angalia pia lenzi. La Haine ya Mathieu Kassovitz, ya mwaka 1995, inafuata vijana watatu wa kitongoji cha nje ya Paris. Wakiwa kwao walipigwa kwa lenzi pana, wao na majengo yao pamoja. Walipoingia katikati ya jiji zikatumika lenzi ndefu, mji ukawa ukungu nyuma yao. Huhitaji maneno kujua wapi ni kwao na wapi ni wageni. Bande de filles ya Céline Sciamma, ya mwaka 2014, ilipigwa kwa fremu pana ya 2.35, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo, na wasichana wanne wanatosha bega kwa bega. Maamuzi ya namna hiyo yamo pia kwenye filamu yako. Muulize mpigapicha wako kabla hujaanza, kwa sababu mhariri asiyeyajua huchanganya lenzi pana na ndefu kwa kufuata uzuri wa picha peke yake, na kazi yote ya uwanjani inapotea.

Hatua ya 2: Panga klipu kwa kile zinachofanya

Fungua folda tano: PAMOJA, KAZI, MTAA, PEKE YAKE, SAUTI. Pitia filamu nzima na uvute klipu 60 hadi 80. Trela ya sekunde 90 itatumia 35 hadi 45 kati ya hizo, nyingine ni akiba.

PAMOJA ndiyo folda ya kuhangaikia. Tafuta tendo ambalo mtu hamfanyii asiyemzoea: kumrekebishia mwenzake kola ya shati la shule, kula chipsi sahani moja, kugawana spika za masikioni, kumshikia daftari bila kuambiwa, kumzomea akijikwaa. Kukumbatiana na kulia begani si lazima. Hayo hufanywa hata msibani na watu waliokutana leo.

Usiishie kwenye filamu iliyokwisha kuhaririwa. Rudi kwenye picha ghafi na uangalie sekunde tatu kabla ya mwongozaji kusema "anza" na sekunde tatu baada ya kusema "kata". Waigizaji vijana, hasa wasio na mazoea ya kamera, hucheka kweli, husukumana kweli na kunong'onezana kweli katika sekunde hizo. Kicheko cha kuigiza huanzia mdomoni; cha kweli huanza kwa mwili kuinama. Klipu mbili za aina hiyo zinatosha kuiokoa trela.

Kwenye KAZI, tafuta mikono inayomaliza tendo. Kijana anageuza chapati, anafunga mnyororo wa pikipiki, anahesabu chenji. Kila tendo lionekane mpaka mwisho wake, kwa kawaida sekunde moja na nusu. Ukikata katikati, anaonekana kama mtu anayehangaika na kazi asiyoiweza. Ukimwacha amalize, anaonekana fundi. Tofauti ni fremu 10 au 15 (hapa fremu ni picha moja moja zinazounda video, 25 kwa sekunde), nazo ndizo zinazoamua kama mtazamaji atamwonea huruma au atamheshimu.

MTAA ipunguze. Shoti mbili za mtaa zinatosha, na moja iwe kwenye usawa wa macho ya kijana. Ya droni iache kama haina mhusika ndani yake. Kwa maoni yetu ni picha ya mtu aliyepita na ndege.

Kama sehemu ya filamu ilipigwa kwa simu, shughulikia hizo klipu sasa. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika, na ukiziweka hivyo hivyo sauti itaachana na midomo kidogo kidogo. Zipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, ukichagua kasi isiyobadilika. Klipu ya fremu 30 kwa sekunde kwenye taimulaini ya 25 itasitasita pale kamera inapopita kando, hivyo zichague zile ambazo kamera imetulia.

Hatua ya 3: Jenga mfupa

Kumbi za sinema za Marekani kwa muda mrefu zilikubali trela hadi dakika mbili na nusu, na mwaka 2014 chama cha wamiliki wa sinema huko kikapendekeza dakika mbili. Kwa filamu isiyo na nyota mkubwa, inayotazamwa kwanza kwenye simu, sekunde 90 ni nyingi za kutosha. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu:

Sekunde 0 hadi 8: marafiki pamoja, sauti halisi, hakuna muziki.
Sekunde 8 hadi 30: siku yao, yaani kazi, shule, njia, utani. Muziki unaingia hapa.
Sekunde 30 hadi 50: kitu kinachowavuta kila mmoja upande wake.
Sekunde 50 hadi 70: wametengana. Sura moja moja, mikato mifupi, kisha kimya cha sekunde mbili.
Sekunde 70 hadi 84: wanaonana tena, lakini hatujui kwa heri au kwa shari.
Sekunde 84 hadi 90: jina, tarehe, mahali pa kutazama.

Kinachowavuta kando kiwe kimoja na kieleweke kwa picha. Ada ya shule, mimba, kazi za ndani mjini, baba kuhamishwa, simu iliyoibwa: chagua kimoja. Filamu inaweza kuwa na vyote vitano, trela haiwezi. Na usimalize ugomvi wenyewe. Onyesha sababu na onyesha umbali, basi.

Sura moja moja za karibu zihifadhi mpaka sekunde ya 50. Ukianza nazo sekunde ya 5, hutakuwa na kitu cha kumnyang'anya mtazamaji utakapotaka ahisi kwamba mmoja hayupo.

Hatua ya 4: Sekunde 11 kwa karibu

Tuseme filamu ni ya wasichana wawili wanaouza maandazi alfajiri kabla ya shule. Wanabeba ndoo ya lita 10, kila mmoja ameshika mpini upande wake. Taimulaini ni fremu 25 kwa sekunde.

Shoti ya kwanza ni ya mbele, lenzi ya milimita 35, kamera ya mkononi inarudi nyuma nao wanakuja. Wote wawili wanaonekana kuanzia kiunoni, ndoo katikati. Mmoja anasema, "Shosti, subiri nifunge kiatu." Mwingine: "Kiatu kila siku!" Anasimama hata hivyo, na ndoo inashuka chini kwa pamoja. Iache sekunde 5 na fremu 10 bila mkato. Mkono utakuwasha ukate pale anapotajwa kiatu uende kuonyesha kiatu. Usikate. Kilichomo ndani ya shoti hii ni kwamba yule anayelalamika ndiye anayesimama kwanza, na hilo linaonekana tu wakiwa pamoja.

Shoti ya pili ni mkono unampa dereva wa bodaboda maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, mkono mwingine unapokea sarafu. Sekunde 1 na fremu 5. Mngurumo wa pikipiki uanze fremu 12 kabla ya picha kubadilika, ukiwa bado juu ya nyuso zao. Sauti ikitangulia hivyo, kazi inaingia ndani ya mazungumzo yao badala ya kuyakatisha.

Shoti ya tatu: mmoja anamega andazi lililobaki na kumpa mwenzake nusu bila kumtazama. Sekunde 2 na fremu 20. Usikate andazi linapofika mkononi. Subiri yule mwingine ang'ate, naye bila kutazama. Ushahidi uko kwa anayepokea. Hakushangaa, hakushukuru. Wengi hukata hapa kwenda kwenye uso wa mtoaji akitabasamu, na papo hapo tendo linageuka msaada. Mmoja anakuwa mwema na mwingine anakuwa mhitaji.

Shoti ya nne: geti la shule, kengele, wanakimbia. Sekunde 1 na fremu 15. Jumla ni fremu 275, yaani sekunde 11 kamili, na umeshaeleza kazi yao, umri wao, utani wao na saa wanazoamka.

Sasa ile ndoo inalipa. Kwenye sekunde ya 60 weka shoti ya msichana mmoja ameibeba kichwani peke yake, barabara ileile, pembe ya kamera ileile ikiwezekana, sekunde tatu bila muziki. Usiziweke shoti hizi mbili jirani na usigawanye skrini kuzilinganisha. Zitengane kwa nusu dakika au zaidi ili mtazamaji aikumbuke ndoo mwenyewe.

Zingatia upande wanaoelekea. Kama mwanzoni walitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na huyu wa peke yake aelekee kulia. Akielekea kushoto anasomeka kama anayerudi nyumbani, na maana ya kuachwa inapungua. Ukiwa na shoti ya upande mbaya tu unaweza kuigeuza kama kioo, lakini kagua kwanza maandishi ya vibanda, nembo ya shule, upande wa vifungo vya shati na upande ambao magari yanapita. Afrika Mashariki ya Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto, na mtazamaji wa Dar es Salaam ataona daladala iko upande usio wake kabla hajamwona mhusika.

Hatua ya 5: Sauti

Shoti ileile ya wavulana watatu wanaokimbia uchochoroni ina maana mbili kutegemea sauti. Weka king'ora cha polisi na ni wezi. Weka kicheko, kandambili zinazopiga chini na mtu anayeita "Oya, subirini basi!" na ni watoto wanaowahi mechi. Mhariri anayetaka msisimko huweka king'ora hata pale filamu haina polisi. Hapo trela imewasingizia wahusika wake, na watazamaji wa mtaa huo huo ndio wa kwanza kuchukia. Hila ya kuunganisha picha mbili zisizohusiana ili zizae maana mpya ni ya tangu enzi za mwongozaji Lev Kuleshov huko Urusi, na trela haiwezi kuishi bila hiyo. Itumie kufupisha jambo lililomo kwenye filamu. Usiitumie kuzua uhalifu ambao haumo, wala mapenzi kati ya mvulana na msichana ambao kwenye filamu ni marafiki tu.

Sauti za mtaa zichague mbili kwa kila sehemu. Redio ya jirani, jenereta, adhana, kuku, pikipiki na maji yakimiminwa vyote kwa pamoja vinatoa kelele, mtaa hausikiki. Kama uwanjani hamkurekodi sauti tupu ya mahali, rudini mrekodi angalau sekunde 60 kila eneo, saa ileile ya tukio. Sauti ya alfajiri si ya mchana. Redio ya jirani iliyonaswa nyuma ya mazungumzo ni muziki wa mtu. Mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo huweza kuikamata hata ikiwa chini.

Mazungumzo yawe kati ya desibeli −12 na −6 kwenye vilele. Kata mngurumo wa chini ya hezi 80 kwenye sauti za watu, nenda hadi 100 kama kulikuwa na upepo. Kwa mtandaoni lenga takriban LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia) na kilele kisizidi −1. Televisheni zinazofuata kiwango cha Ulaya huhitaji LUFS −23, hivyo ni faili jingine. Baada ya hapo isikilize kwa spika ya simu ya bei ndogo. Besi yote itapotea, na ukigundua kwamba sehemu ya kutengana ilikuwa inabebwa na besi, ijenge upya kwa kitu kinachosikika: pumzi, mlango wa bati, ndoo inayotuliwa.

Muziki: usianze na vinanda vya huzuni. Vikilia juu ya picha ya kijana anayefanya kazi, vinamwamulia mtazamaji kwamba kazi hiyo ni msiba. Usiweke mkato kwenye kila pigo pia. Acha mkato uangukie pigo la nne au tendo linapokamilika, hata kama liko nje ya mdundo. Ruhusa ni mbili, ya aliyeutunga wimbo na ya anayemiliki rekodi, na zote ziseme wazi kwamba ni kwa ajili ya trela na mtandaoni. Mdundo ulioandikwa "bure" mtandaoni mara nyingi ni bure kwa mazoezi tu.

Hatua ya 6: Maneno

"Wewe ni rafiki yangu wa kweli, hatutaachana kamwe." Mstari kama huu ukiwemo kwenye filamu, usiuvute kwenye trela. Vijana hawaongei hivyo. Chukua matusi madogo ya mapenzi, ahadi ndogo, malalamiko: "Nishikie nafasi." "Nilishakula, kula wewe." "Mama asijue." Mistari minne hadi sita inatosha trela nzima.

Lugha ya mtaa iache kama ilivyo. Ukirudia sauti studio ili msichana wa Mbagala au mvulana wa Kayole azungumze Kiswahili cha taarifa ya habari, umeondoa alama ya kwanza ya ujirani wao, maana marafiki wana maneno yao. Sheng nzito inaweza kumpita mtazamaji wa Tanga, kwa hiyo weka maandishi ya chini ya Kiswahili sanifu kwenye toleo lake. Mistari isizidi miwili, herufi zisizidi 40 kwa mstari, na mtu apewe sekunde moja kwa kila herufi 15 hivi. Maandishi yasivuke mkato ambao unataka uonekane. Jicho linasoma na uso unapita.

Kadi za maandishi makubwa ziwe tatu au pungufu, maneno sita kila moja. Isome kadi kwa sauti mara mbili bila haraka, huo ndio muda wake. Kadi isiseme "hadithi ya urafiki". Kama shoti ya andazi haikusema, kadi haitaisaidia.

Hatua ya 7: Rangi

Kuna ugonjwa wa kupaka mitaa ya maskini rangi ya njano ya vumbi. Mhariri huvuta joto la rangi juu, kontrasti juu, na ghafla Manzese ya mwezi wa tano, yenye matope na majani mabichi, inaonekana jangwa. Anza na nyeupe halisi. Shati la shule ndilo kipimo chako: likiwa la njano, kila kitu ni cha njano.

Shati hilohilo ndilo mtego mkubwa zaidi wa mwanga. Jeupe pe kando ya ngozi nyeusi, saa sita mchana: ukilinda shati, uso unazama, ukilinda uso, shati linaungua. Kwenye skopu ya mwanga weka shati chini ya asilimia 95 na uinue uso peke yake kwa barakoa laini (eneo la picha unalolichagua na kulirekebisha peke yake) inayomfuata, mpaka ngozi nyeusi ikae kati ya asilimia 35 na 50. Marafiki wawili wa rangi tofauti wasilazimishwe kulingana. Mmoja awe mweusi zaidi kama alivyo, ila macho yake yaonekane. Kontrasti ya trela, ambayo kwa desturi hupandishwa, humla huyu mweusi zaidi kwanza, na mtazamaji anabaki na rafiki mmoja mwenye sura na kivuli kando yake.

Mistari inayopanda na kushuka kwenye shoti za ndani ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu iliyowekwa fremu 30 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60 inagongana na taa za tyubu. Dawa ni kupiga kwa fremu 25 na shata 1/50. Ikishatokea, chagua shoti nyingine. Kuisafisha kunakula muda kuliko thamani yake.

Hatua ya 8: Watoto, nembo na bodi

Walio chini ya miaka 18 wawe na idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na idhini hiyo itaje trela, mabango na klipu za mitandaoni. Ya filamu peke yake haitoshi, kwa sababu klipu ya sekunde 15 huishi mbali na filamu, na mtoto anaweza kutaniwa nayo shuleni kwa miaka. Shoti ya kilio cha aibu ifikirie mara mbili. Nembo ya shule halisi iliyo kifuani ifiche kama shule haikukubali kwa maandishi.

Kwa Kenya, bodi ya uainishaji KFCB hutumia madaraja ya GE (watu wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18. Kwa Tanzania kuna Bodi ya Filamu, iliyo chini ya sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976. Uliza mapema utaratibu wa trela yenyewe, na tengeneza toleo lisilo na kisu, bangi wala tusi, ili iweze kutangulia filamu yoyote sinemani.

Hatua ya 9: Toleo la wima

Hapa ndipo urafiki hukatwa kwa mkasi, tena bila mtu kukusudia. Fremu ya 1920 kwa 1080 ikigeuzwa kuwa 1080 kwa 1920 bila kupunguzwa kimo, inabaki chini ya theluthi moja ya upana wake. Programu inayofuata sura yenyewe itachagua anayeongea na kumtupa anayesikiliza. Kagua kila shoti ya PAMOJA kwa mkono.

Wakikaa karibu, bega kwa bega, watatosha ukisogeza fremu katikati yao, hata kama sikio la kila mmoja limekatwa. Wakiwa mbali, ipunguze picha nzima iingie kwa upana na uweke jina la filamu kwenye nafasi ya juu. Bora picha ndogo yenye wawili kuliko kubwa yenye mmoja. Shoti zenye kina, mmoja akiwa karibu na kamera na mwenzake nyuma yake, ndizo zinazokaa vizuri zaidi wima, kwa hiyo zitafute upya kwenye akiba yako. Sura moja moja za sekunde 50 hadi 70 hazihitaji kazi. Maandishi ya chini yapandishe yakae juu ya robo ya chini ya skrini, maana hapo pana vitufe na jina la akaunti.

Kwa YouTube toa faili la muundo wa H.264, 1080, takriban megabiti 8 hadi 12 kwa sekunde, kwa kasi ileile ya taimulaini. Hifadhi pia nakala kuu ya ubora wa juu, kwa muundo wa ProRes au DNxHR, isiyo na maandishi, pamoja na sauti zilizotenganishwa: mazungumzo, muziki, mazingira. Tamasha likitaka maandishi ya Kifaransa baada ya miezi sita, au mwenye wimbo akibadili nia, utabadilisha safu moja bila kufungua mradi mzima. Toleo la sekunde 30 lianze na shoti ya kiatu nzima, sekunde 5 na fremu 10 zote, na zilizobaki ugawe kati ya andazi, ndoo ya kichwani na jina.